Pakeji ambayo kitegemezi chake hakipo ghalani: ibaki kwenye distro au itolewe?

#1 Fundi_Kuchele (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Naleta hoja hii jukwaani kwa sababu inarudi kila tunapofunga kompyuta kwenye shule na ofisi za huku kusini, na kila mara inamalizwa kwa kusema "Linux ina matatizo". Linux haina tatizo hapo. Walioamua ni wapangaji wa distro (Linux iliyokusanywa tayari kutumika, kama Ubuntu au Debian): waweke kwenye ghala lao la programu pakeji, yaani programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, isiyofanya kazi bila kitu cha nje (kitegemezi), kitu ambacho wao hawanacho na hawana ruhusa ya kukigawa?

Mfano ulio hai. Shule moja huku Newala walitaka mashine zao ziwekwe Ubuntu 22.04. Intaneti ya pale ni ya kubahatisha, kwa hiyo tulikwenda na nakala ya ghala zima kwenye diski. Katibu muhtasi anataka barua zitoke kwa Times New Roman, ndiyo anayoijua. Unaandika `sudo apt install ttf-mscorefonts-installer`. Linakuja lile skrini la leseni ya Microsoft, lile ambalo ubofye kipanya usibofye halikusikii mpaka ubonyeze Tab halafu Enter (wangapi hapa wamewahi kufunga terminali kwa hasira?). Unakubali. Kazi inaendelea, inaisha, hakuna neno la kutisha. Ukiuliza `dpkg -l` unajibiwa `ii`, maana yake imewekwa na iko sawa. Sasa kaangalie `/usr/share/fonts/truetype/msttcorefonts`. Hakuna fonti hata moja. Andika `fc-match "Times New Roman"`, inakutajia fonti nyingine, Liberation Serif.

Sababu ni kwamba ndani ya pakeji ile hakuna fonti. Kuna skripti, yaani orodha ya amri, inayotumwa SourceForge, tovuti ya kupakulia programu, kwenda kuzileta. Microsoft walianza kuzigawa bure mwaka 1996, wakaziondoa kwenye tovuti yao mwaka 2002, na leseni yake inaruhusu uzisambaze vilevile zilivyotoka, ndani ya mafaili yale yale ya .exe. Distro haiwezi kuzifungua na kuzipanga upya kama pakeji yake. Kwa hiyo ghala lina jina tu. Mtandao ukikatika, Ubuntu inakuja kukuarifu baadaye kwa kidirisha kwamba kuna data za ziada hazikupakuliwa. Katibu muhtasi keshakifunga hicho kidirisha, ana barua za wazazi za kuchapa.

Hii ni stakabadhi ya korosho ambazo hazijaingia ghalani. Mpe mkulima wa Tandahimba karatasi ya namna hiyo uone.

Najua Debian wana utaratibu, na Ubuntu wameurithi kwa majina mengine. Ghala la Debian limegawanywa: main (programu huria), contrib, non-free (visivyo huria), na tangu Debian 12 ya Juni 2023 kuna non-free-firmware. Sera yao inasema pakeji ya main isihitaji kitu kilicho nje ya main, si wakati wa kuijenga wala wakati wa kuitumia. Ikiwa programu yenyewe ni huria lakini inaegemea kitu kisicho huria, inakwenda contrib. Safi kabisa.

Ila mgawanyo huo umejengwa juu ya leseni, na ndani ya contrib wamelazwa kitanda kimoja wageni wawili wasiofanana. `nvidia-settings` iko contrib kwa sababu inategemea driva ya Nvidia, na driva hiyo iko non-free, ghala lilelile. Mimi nikibeba contrib na non-free kwenye diski, kila kitu kinakwenda hata kama niko kijijini. `ttf-mscorefonts-installer` nayo iko contrib, lakini kitegemezi chake hakipo kwenye ghala lolote la Debian. Diski yangu inaibeba kwa jina, na jina halichapi barua.

Msimamo wangu: tatizo la mtumiaji ni upatikanaji, leseni inakuja baadaye. Pakeji ambayo kitegemezi chake kisicho huria kimo ghalani, ibaki. Pakeji ambayo kitegemezi chake kiko kwenye seva ya mtu mwingine, na bila hicho haina maana yoyote, itolewe kwenye ghala la kawaida. Iwekwe mahali pake penye bango kubwa.

Naomba mnipinge kwa hoja.

#2 Chaki_na_Ubao (Masasi)

Nimetandika mkeka hapa. Wataalamu karibuni.

#3 Nahodha_Kivinje (Kilwa)

Fundi, mfano wako ni mzuri, hitimisho lako silikubali.

Ukiitoa ile pakeji, katibu muhtasi hatoacha kutaka Times New Roman. Atamwita kijana, kijana atagugo, atakuta blogu inayosema "bandika amri hii", na amri yenyewe ni `curl` inayomwagwa moja kwa moja kwenye `sudo bash`, yaani inaleta kitu mtandaoni na kukiendesha papo hapo kwa mamlaka yote ya mashine. Hujui imeandikwa na nani, hujui inaleta nini. Pakeji ya contrib ina mtunzaji anayejulikana, ina mahali pa kuripoti hitilafu, na muhimu zaidi ina alama za uhakiki za kila faili. Faili likibadilishwa huko SourceForge, skripti inalikataa.

Wakongwe watakumbuka `flashplugin-nonfree`. Ilikuwa inakwenda kwa Adobe kuchukua Flash. Adobe wakitoa toleo jipya, faili linabadilika, alama hazilingani, usakinishaji unagoma. Watu walilalamika sana. Mimi naona pale ilifanya kazi iliyotumwa: ilikataa kuweka kitu ambacho haikukihakiki. Ungependa ikubali?

Halafu kuna suala la Wi-Fi. Laptopu nyingi za mtumba zinazoingia huku zina kadi za Broadcom za zamani. Driva ya `b43` imo kwenye kiini cha Linux, lakini kadi haiamki bila fimwea (programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe), na fimwea hiyo Broadcom hawajatoa ruhusa igawiwe ovyo. Ndiyo maana kuna `firmware-b43-installer`: inakwenda mtandaoni, inachukua driva ya Broadcom, inakata fimwea kutoka humo. Ukiitoa hiyo, mwenye laptopu anabaki na kadi iliyokufa.

#4 Fundi_Kuchele

Nahodha, asante kwa kuja na vitu.

Hilo la Broadcom ndilo linanipa nguvu zaidi. Nifuate taratibu: pakeji inahitaji intaneti ili kuwasha kifaa cha kukupa intaneti. Kwa mtu wa Dar mwenye kebo ya mtandao mezani, sawa. Kwa mwalimu wa Liwale mwenye laptopu moja na Wi-Fi ya shule, ni mlango uliofungiwa ufunguo ndani. Sote tunajua tunatokaje: unachomeka simu kwa waya wa USB, unawasha kuchangia intaneti, unakula bando lako. Lakini hiyo ni akili ya fundi. Distro haikumsaidia.

Na tafadhali tusichanganye na ile kura ya Debian ya 2022. Pale walikubaliana fimwea zisizo huria ziingie kwenye diski rasmi za usakinishaji, na tangu Debian 12 zimo. Intel, Realtek, wengi wamepona. Ya `b43` haikupona, kwa sababu kikwazo chake hakikuwa msimamo wa Debian, kilikuwa ruhusa ya kugawa. Kura haiwezi kukupa ruhusa ambayo mwenye mali hajaitoa.

Kuhusu alama za uhakiki nakubaliana nawe mia kwa mia. Zibaki. Sijasema skripti ni mbaya. Nimesema `ii` ni uongo.

#5 DadaTandahimba

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo.

Mimi si fundi, natunza kompyuta za chama cha msingi, na msimu wa korosho ukianza sina muda wa sera za mtu. Niseme ninavyoliona nikiwa upande wa kuchapa.

Siku nakala ya malipo inapotoka, kitu kinachoniumiza ni mistari kuhama. Jedwali lililokuwa ukurasa mmoja linamwagika ukurasa wa pili, sahihi ya mwenyekiti inabaki peke yake kule chini. Hilo ndilo watu wanaloliita "fonti imekosekana". Nilipogundua kwamba Liberation Serif imetengenezwa makusudi iwe na upana uleule wa herufi kwa herufi kama Times New Roman, na Liberation Sans kama Arial, niliacha kabisa kuhangaika na ile skripti. Hati haihami. Na kwa zile za Calibri na Cambria, ambazo ndizo tunaletewa zaidi siku hizi kutoka wilayani, kuna `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`. Zote ziko main. Zote ziko kwenye diski ya Fundi, naamini.

Kwa hiyo kaka Fundi, swali langu: kwa nini huyo katibu muhtasi hakuambiwa hivyo tangu mwanzo? Yule anayetafuta "Times New Roman" kwenye ghala anakutana na skripti ya kwenda SourceForge, hakutani na Liberation. Ubaya wa kuweka pakeji tupu naona uko hapo. Inamficha mtu mbadala mzima ulio ndani ya ghala.

#6 Fundi_Kuchele

Dada, marahaba, na hapo umenizidi. Carlito ipo kwenye diski, ndiyo. Hoja ya kuficha mbadala sikuwa nimeiweka vizuri hivyo. Red Hat walizitoa Liberation mwaka 2007, miaka yote hiyo, na bado miongozo mingi ya "mambo ya kufanya baada ya kuweka Ubuntu" inakuelekeza kwenye ile skripti.

#7 Bodaboda_wa_Data

Laptopu Dell i5 RAM 8 ipo Chikongola bei maelewano njoo PM

#8 Chaki_na_Ubao

Mkuu #7 ina Broadcom? 😂

#9 KofiaNyekundu (Dar)

Natumia Fedora, na wenzetu hili walishalifunga zamani. Mwongozo wao wa pakeji unasema wazi: programu ikiwa haifanyi kazi, au haina maana, bila kitu cha nje ambacho si huria au kina kizuizi cha kisheria, haiingii Fedora. Hakuna contrib. Hakuna chumba cha uani. Unataka vitu hivyo, nenda RPM Fusion, ghala la watu wengine, uliwashe mwenyewe ukijua unachofanya.

Matokeo yake: kilichomo Fedora kinafanya kazi kikiwa peke yake. Nikiwa na nakala ya ghala, nina uhakika.

#10 Nahodha_Kivinje

KofiaNyekundu, na asilimia ngapi ya watumiaji wa Fedora unaowajua hawajawasha RPM Fusion siku ya kwanza? Umehamisha mlango tu. Video za mtu hazichezi, anakwenda huko huko.

Tofauti ninayoikubali ni kwamba kule anajua ametoka nje ya ghala. Hiyo nakupa.

#11 Mwanachuo_Mlimani

Wazee wangu, kwa heshima zote, mnajadili mambo ya mwaka 2005. Siku hizi nani anategemea ghala la distro? Programu inakuja na vitegemezi vyake vyote ndani ya kontena, au unavuta mtandaoni kwa vyombo vya waandishi wa programu: npm, pip, cargo. Distro ya Arch wana AUR, pale kuna maandishi ya kujengea tu, kila kitu kinachukuliwa kilipo. Distro ya Nix nao wanachukua chanzo kutoka popote, wanalinganisha alama, basi. Intaneti ipo. 5G inakuja.

#12 Mkulima_Nachingwea

Mwanachuo karibu kusini utembee kidogo.

Mei 2024 ulikuwa wapi mdogo wangu? Tarehe 4 kimbunga Hidaya, mvua zikaja kama hazijawahi kunyesha, barabara ya Dar kuja Lindi ikakatika pale Somanga. Magari yamepanga foleni pande zote mbili, bidhaa hazivuki. Tunashukuru Mungu barabara imerudishwa, ikaja tarehe 12: nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika kule Afrika Kusini, intaneti ikazorota nchi nzima. Siyo Nachingwea tu, hata hapo Mlimani kwako.

Siku zile mimi nilikuwa na kazi ya mtu ya kumaliza. Kila kilichokuwa kwenye nakala ya ghala kilisakinika kama kawaida. Kila kilichosema "ngoja nikalete" kilibaki kinangoja.

#13 Nahodha_Kivinje

Na uongeze hii, Mwanachuo. Machi 2016 mtunzi mmoja aligombana na npm kuhusu jina la pakeji yake, akafuta kazi zake zote pale. Mojawapo ilikuwa `left-pad`, mistari 11 ya kodi ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi mikubwa iliyoitegemea bila hata kujua, Babel ikiwemo, ikashindwa kujengwa dunia nzima mpaka npm wenyewe walipoirudisha. Hiyo ndiyo "inachukuliwa kilipo". Siku haipo je?

Debian kwa hili wana sheria ninayoipenda kuliko zote: pakeji ya main ikiwa inajengwa, hairuhusiwi kugusa mtandao. Vyote inavyohitaji viwe tayari ghalani. Inawapa kazi kubwa sana wanaopanga programu za JavaScript, maana lazima kila kitegemezi kiingizwe kama pakeji, na kwa sababu hiyo kuna programu nyingi nzuri hazimo Debian mpaka leo. Lakini kilichomo unaweza kukijenga tena miaka kumi baadaye.

#14 Mwanachuo_Mlimani

Sawa wakuu nimesikia. Ila hamjajibu kuhusu Nix. Ukiwa na akiba yao ya vitu vilivyokwishajengwa huhitaji kwenda kwenye chanzo.

#15 Mkulima_Nachingwea

Hiyo akiba iko wapi? Mtandaoni. Ukiihamishia kwenye diski yako, umetengeneza ghala. Karibu kwetu.

#16 DadaTandahimba

Nina swali la kweli, sio la kuchokoza. Kuna programu ambazo ziko main lakini bila kitu cha nje hazina maana. Mfano ClamAV ya virusi, maana flashi za ofisini mnazijua. Orodha ya virusi inaletwa na `freshclam` kutoka nje kila siku. Kwa kipimo cha Fundi nayo itolewe?

#17 Fundi_Kuchele

Dada, hilo ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu, nilikuwa naomba lisije mapema.

Naona kuna namna mbili za kukosa. Ya kwanza, kitegemezi kikikosekana programu inapungua: ClamAV yenye orodha ya mwezi jana bado inakamata vya mwezi jana na vyote vya kabla yake. Unaweza kuchukua faili la orodha ukiwa mjini na kulipeleka kijijini kwa flashi. Ya pili, kikikosekana hakuna kitu kabisa: ile skripti ya fonti bila fonti ni hewa. Mimi navamia ya pili tu.

Hata hivyo ClamAV yenyewe ilishatuonyesha hatari ya hiyo ya kwanza. Aprili 15, 2010 wenyewe walitoa sasisho lililozima matoleo ya 0.94 na ya nyuma yake. Seva za barua pepe zilizokuwa hazijasasishwa zikasimama. Programu imo ghalani, imo mashine kwako, na mtu wa mbali kaizima. Kwa hiyo mpaka kati ya "imepungua" na "haipo" haukai mikononi mwako wakati wote.

#18 Nahodha_Kivinje

Na programu za kuchati zinazotegemea huduma ya kampuni je? Pidgin ilikuwa inaunganisha Yahoo Messenger. Yahoo wakaifunga Julai 17, 2018. AIM ilikwishakufa Desemba 2017. ICQ nayo Juni 2024. Pidgin inaishi kwa sababu ina njia nyingine, XMPP na IRC. Lakini pakeji iliyoandikwa kwa ajili ya huduma moja tu, siku huduma inafungwa, inabaki kwenye toleo thabiti hadi mwisho wa uhai wa toleo hilo, kwa sababu toleo thabiti haliguswi ovyo. Mtu anaisakinisha vizuri kabisa, inafunguka, inaomba nywila ya kampuni ambayo haipo.

Sasa Fundi, hapo hata anuani haijabadilika siku ya kuwekwa ghalani. Iliwekwa ikiwa hai. Utaitoa kwa kipimo gani, kutabiri?

#19 Fundi_Kuchele

Sitabiri. Ila nahesabu miaka. Debian thabiti inatunzwa miaka mitatu hivi, na ukiongeza LTS, matunzo ya muda mrefu, inafika mitano. Ukiweka ndani yake kitu kinachotegemea anuani ya mtu mwingine, umemwahidi mtumiaji miaka mitano ya kitu ambacho mwenyewe hakukuahidi hata wiki.

Java ndiyo ilitufundisha. Kulikuwa na PPA (ghala la mtu binafsi la Ubuntu) ya WebUpd8 yenye `oracle-java8-installer`, iko kwenye kila mwongozo. Skripti vilevile, inakwenda kwa Oracle kuchukua JDK, yaani Java yenyewe. Aprili 16, 2019 Oracle wakabadilisha leseni, skripti zikafa, PPA ikafungwa. Kuna ofisi moja, siitaji, mfumo wao wa mishahara ulitaka Java 8 na mashine mpya ikawa haiwezi kuipata kwa njia ile waliyoizoea. Aliyekuwa anatumia `openjdk-8` kutoka ghalani hakujua hata kama kuna jambo limetokea.

#20 Mwanajangwani_Retro (Lindi)

Mimi napenda michezo ya zamani, niruhusuni nitie neno moja.

id Software walitoa kodi chanzo ya Doom Desemba 1997, na baadaye, 1999, wakaiweka chini ya GPL, leseni huria. Kodi ikawa huria, lakini ramani, picha na sauti bado zinauzwa. Kwa kipimo chenu, injini ya Doom ni pakeji ambayo kitegemezi chake hakipo: unaiwasha, inauliza faili la WAD, huna, inafunga. Wangeiachia hapo, ingebaki contrib mpaka kesho. Watu wakakaa wakachora upya kila adui na kila ukuta, ikazaliwa Freedoom, ikaingia main. Sasa injini ina kitu huria cha kuchezea, hoja imekwisha.

Ninachotaka kusema ni kwamba pakeji yenye pengo ikionekana pale ghalani, inamchokoza mtu aje kuliziba. Ukiificha, nani atajua kuna kazi ya kufanya?

#21 DadaTandahimba

Kaka wa Lindi umesema. Ila pengo lionekane kama pengo. Lisiandikwe `ii`.

#22 Fundi_Kuchele

Mwanajangwani, hii sikuitegemea na sina jibu la haraka. Umenisogeza. Naondoa neno "itolewe" kwa zile ambazo mtu anaweza kuzijazia pengo. Kwa skripti za kwenda kuchukua mali ya mtu, nabaki palepale, kwa sababu pengo lake lilishazibwa: fonti zina Liberation, Java ina OpenJDK, Flash yenyewe Adobe waliiua Desemba 31, 2020 na hakuna aliyeililia. Inayobaki bila mbadala ni hiyo `b43`, na hiyo nitaibeba mwenyewe.

Nahodha, tukubaliane hapa au tusikubaliane: skripti ishindwe kwa sauti. Ikikosa faili, `apt` irudishe kosa na pakeji ibaki nusu, isiandikwe imewekwa.

#23 Nahodha_Kivinje

Hapo nakubali. Ingawa ujue madhara yake: pakeji moja ikibaki nusu, `apt` inakung'ang'ania kila unapoweka kitu kingine, hata visivyohusiana. Nadhani ndiyo sababu Ubuntu walichagua kushindwa kimya na kuleta kidirisha baadaye. Walimhurumia mtumiaji wa Newala, wakamkosea.

Mimi bado naiacha ghalani. Tofauti yetu imebaki hapo tu.

#24 KofiaNyekundu

Kwa wanaotengeneza nakala: `debmirror`, chombo cha kunakili ghala, ina `--exclude`. Mnaweza kuziacha hizo skripti zisiingie kwenye diski, mjadala uishe.

#25 Mkulima_Nachingwea

Angalia vizuri kabla hujamshauri mtu. `--exclude` inaacha faili la .deb, lakini orodha ya `Packages` inabaki ilivyo, kwa sababu imesainiwa na Debian, huwezi kuikata bila kuvunja sahihi. Kwa hiyo mtumiaji wa diski yako ataiona pakeji kwenye orodha, ataiomba, aambiwe faili halipo. Umetengeneza kilekile Fundi anachokilalamikia tangu bandiko la kwanza, tena kwa mkono wako.

#26 KofiaNyekundu

😂😂 Nimekaa.

#27 Fundi_Kuchele

Mkulima anajua anachosema. Dawa iko upande wa mashine ya mtumiaji. Unatengeneza faili ndani ya `/etc/apt/preferences.d/`, liite utakavyo, unaandika:

```
Package: ttf-mscorefonts-installer
Pin: release *
Pin-Priority: -1
```

Hapo `apt` inasema wazi kwamba pakeji haina toleo linaloweza kusakinishwa. Hakuna skrini ya leseni, hakuna `ii` ya uongo. Kisha unaweka `fonts-liberation`, Carlito na Caladea kwa mkupuo mmoja. Kwenye Ubuntu kumbuka `ubuntu-restricted-extras` inapendekeza ile skripti, kwa hiyo bila faili hili inaingia kwa mlango wa nyuma hata kama hukuiomba.

Kwa `b43`: ukiwa mahali penye mtandao, sakinisha `firmware-b43-installer` kwenye mashine ya Debian au Ubuntu yenye kadi kama hiyo, fimwea inakaa `/lib/firmware/b43`. Nakili folda hiyo kwenye flashi, ipeleke kwenye mashine isiyo na mtandao mahali palepale, washa upya. Hiyo flashi usiipoteze.

#28 Chaki_na_Ubao

Fundi, sisi wa Masasi tunapataje hiyo nakala ya ghala? Shule yetu ina maabara ya kompyuta na hatuna mtandao wa maana.

#29 Fundi_Kuchele

Mwalimu, nina Debian 12 ya amd64, main, contrib, non-free na non-free-firmware, bila kodi chanzo. Ukishuka Mtwara nitafute PM nikuelekeze nilipo. Njoo na diski ya 500GB, itatosha na chenji itabaki. Iwe imeumbwa ext4. Usiniletee FAT32, haipokei viungo vya mafaili ambavyo ghala linavitumia, tutakesha bure.

#30 DadaTandahimba

Na mimi nakuja Jumamosi. Nitakuletea na flashi ya `b43`, endapo mwalimu atasahau yake.

#31 Bodaboda_wa_Data

Mkuu #8 nimeangalia, ni Intel. Bei imepanda.